Amali bila grenda ni somo la historia tu

Januari mwaka jana mdogo wangu wa kike alinipigia simu saa nne usiku, na yeye sio mtu wa kupiga simu saa nne, nikajua tayari kuna msiba. "Kaka, mtoto wamempangia shule ya amali." Nikamwambia sasa si vizuri? Akanyamaza kidogo, nasikia tu TV ya jirani yake huko nyuma, halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa kama vile mtoto yupo karibu, "Kwani amefeli?"

Mtoto alikuwa na A nne darasa la saba.

Hilo swali nimekaa nalo muda mrefu kuliko hotuba zote nilizosikia kuhusu Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 toleo la 2023, ile aliyoizindua Rais Samia pale Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Na nianze kwa kusema mimi sio wa kuponda kila kitu, kwenye makaratasi sera iko vizuri. Elimu ya lazima inakuwa miaka kumi, sita msingi na minne sekondari, darasa la saba linaondoka, sekondari inakuwa na mikondo miwili, wa jumla na wa amali, yaani mtoto wa amali anapiga hesabu na Kiingereza kama wenzake lakini pia anajifunza kuchomelea, au umeme, au ushonaji, au kilimo, na akimaliza kidato cha nne anatarajiwa atoke na cheti cha ufundi pembeni ya kile cha NECTA, Baraza la Mitihani. Wa kwanza wameingia kidato cha kwanza Januari 2024, kwenye shule ambazo hata mia hazikufika nchi nzima.

Lengo linaeleweka, kijana amalize shule akiwa na kitu mkononi cha kumuingizia hela. Nani atapinga hilo? Juni 2014 Uhamiaji walitangaza nafasi 70, usaili ukafanyika Uwanja wa Taifa maana waliojitokeza walizidi elfu kumi, zile picha za vijana wamekaa kwenye viti vya mashabiki na bahasha za kaki mapajani mimi sijazisahau. Miaka kumi na moja baadae TRA, watu wa mapato, wakatafuta watu 1,596, walioomba wakapita laki moja. Halafu kuna kundi lingine ambalo hata bahasha halina cha kuweka ndani. Matokeo ya kidato cha nne 2024 yalitangazwa kwa ufaulu wa asilimia 92.37, watu wakashangilia, lakini ukitoa divisheni wani mpaka thrii waliobaki ni zaidi ya nusu ya watoto. Na kwa wasiojua divisheni foo inaishia wapi, inaishia pointi 33, ambazo unazipata kwa D mbili na F tano. Huyo naye amefaulu, yumo kwenye ile 92. Sasa mwambie aende nalo wapi hilo karatasi.

Kwa hiyo wazo la amali nalikubali. Ninachogombana nacho ni jinsi tunavyolielezea, kwamba tatizo ni mtazamo wa wazazi, eti wazazi wanadharau ufundi, wapewe elimu wabadilike. Kila semina utasikia hilo. Mimi nasema mdogo wangu hadharau ufundi hata kidogo, mume wake ni fundi ujenzi na ndio inayowalisha. Yule anajua hesabu, basi. Anajua mwalimu wa shule ya msingi akitaka kiwanja anaenda benki na slipu ya mshahara anakopeshwa ndani ya wiki, na mume wake ambaye kuna miezi anaingiza mara mbili ya huyo mwalimu, akienda benki ileile anaombwa hati ya nyumba. Anajua mwalimu akiumwa ana kadi ya bima. Mume wake alidondoka kwenye mirunda tukachangishana kwenye kundi la familia la WhatsApp. Huyo mama ukimwambia abadilishe mtazamo anakuangalia tu.

Na serikali yenyewe inamuonesha kwa hela zake upande gani una thamani. Bodi ya Mikopo imeanza kazi 2005, miaka karibu yote hiyo ilikuwa inakopesha anayekwenda kusoma digrii, wa stashahada wameanza kukumbukwa juzi juzi hapa na tena kwa fani chache. Aliyemaliza kozi ya kuchomelea anayetaka mashine, hayumo. Halafu kuna ule mchango wa kuendeleza ujuzi ambao waajiri wanakatwa, wenyewe wanauita SDL, ulikuwa asilimia 6 ukashuka 5, ukaja 4.5, ukaja 4, na mwaka 2023 ukafika 3.5. Waajiri walilia sana ushushwe na nawaelewa, ila malalamiko yao mengine ambayo hayakusikika sana ni kwamba kwa miaka mingi theluthi moja tu ndio ilikuwa inaenda VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, theluthi mbili zinaingia kwenye matumizi mengine ya serikali. Yaani hela imekatwa kwa jina la ujuzi, na ujuzi unapewa kipande kidogo. Mzazi hajasoma sheria ya VETA ya 1994 lakini harufu anaisikia.

Tena hii sio mara ya kwanza. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na ukiisoma leo utadhani imeandikwa wiki iliyopita, shule imfundishe mtoto maisha ya pale alipo, isimfanye ajione wa mjini anayesubiri kiti ofisini. Kilichofika shuleni ni jembe. Baba yangu aliyesoma miaka ya sabini anakumbuka shamba la shule kama adhabu, umechelewa namba, kalime matuta matano, na mahindi hajui yalikwenda wapi. Miaka hiyohiyo sekondari zikapewa michepuo, hii ya kilimo, hii ya biashara, hii ya ufundi, hii sayansikimu. Zile za ufundi zilikuwa shule kweli, Ifunda, Moshi, Tanga, Iyunga, Musoma, Bwiru, Mtwara, kulikuwa na karakana na mashine za kukereza chuma na mwalimu aliyewahi kushika kazi, na mpaka leo ukikutana na mzee aliyetoka Ifunda Tech au Moshi Tech ataanza kukuambia kabla hujauliza. Ila zilikuwa shule za kuhesabu kwa vidole. Mashine zilipozeeka hazikununuliwa nyingine, na upande wa pili zile za michepuo mingine jina likabaki kwenye kibao cha getini.

Wakenya nao walipita hapohapo. Mfumo wao wa 8-4-4 ulioanza 1985 ulikuja na useremala na sayansikimu na nini huko, wazazi wakaambiwa wajenge karakana kwa harambee, wakajenga, nyingine hazikuwahi kuona mashine, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo mengi ya namna hiyo yakapunguzwa kwa sababu ni gharama na yanachosha watoto. Sasa hivi wapo kwenye mtaala mwingine wa umahiri, wanaimba wimbo uleule kwa sauti mpya. Halafu kuna hii tabia ya pande zote mbili za mpaka, kila chuo cha mafundi kikikua kidogo kinataka kuvaa joho. Mbeya Technical imekuwa chuo kikuu cha sayansi na teknolojia mwaka 2012, Kenya Polytechnic ya Nairobi ikawa chuo kikuu mwaka uliofuata. Sisemi ni vibaya, wahandisi tunawahitaji, ila mtu wa kati yule anayeweza kushika spana na kusoma mchoro kwa wakati mmoja anazidi kuwa adimu.

Naomba niingie kwenye jambo langu binafsi maana hapa ndo naona hatari ilipo. Nimesoma shule ya kata, moja ya zile zilizofumuka kama uyoga kipindi cha MMES, ule mpango wa serikali wa kuendeleza sekondari, baada ya 2004. Maabara hatukuwa nayo, tulikuwa na chumba kimeandikwa MAABARA kwa chaki juu ya mlango, ndani kuna madawati mabovu. Sasa mtihani wa fizikia na kemia na baiolojia una sehemu ya vitendo, mtafanyaje? Kulikuwa na karatasi maalum ya shule kama zetu, inaitwa Alternative to Practical, sisi tukiita altenativu. Unaletewa picha ya amita imechorwa, mshale umesimama mahali, unaambiwa soma, andika. Picha ya silinda ina maji, soma, andika. Picha ya rangi haipo, unaambiwa kwa maneno tu kwamba mchanganyiko ukabadilika kuwa bluu, je hiyo ni chumvi gani? Tulikariri. Nilipata C ya kemia bila kuwahi kushika bomba la majaribio hata moja, naapa. Nilipofika sehemu nyingine kusoma zaidi nikakabidhiwa bureti ya kweli, nikaifungua koki mpaka mwisho maji yote yakamwagika mezani, wenzangu waliotoka shule zenye maabara wakacheka na mimi nikacheka nao, ila usiku sikulala vizuri.

Nchi hii inajua kumpitisha mtoto kwenye vitendo kwa karatasi. Tumefanya hivyo miaka, na kwa idadi kubwa. Kwa hiyo nikisikia amali inasambazwa shule zote swali langu la kwanza ni vifaa, la pili ni vifaa, la tatu nani anavishika akifundisha. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, shule ya sekondari ruzuku yake imekuwa inapigwa kwa hesabu ya 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ya msingi 10,000. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, ukarabati, kila kitu. Nenda duka lolote la vifaa kaulize pakiti ya vijiti vya welding ni bei gani, diski ya grenda inakata mabomba mangapi kabla haijaisha, halafu gawanya. Hela inaisha kabla mtoto hajaweza hata kushika mkono usitetemeke. Somo la historia ukishanunua kitabu umemaliza kwa miaka mitano, la welding linakula vijiti kila Jumatatu.

Jirani na ninapoishi kuna fundi wa mageti na grili, kijiwe chake kiko chini ya mwembe, nyaya zimepita juu ya tawi kwa namna ambayo Tanesco wakiona watazimia. Alianza kama saidia fundi akiwa na miaka kumi na tano, alikuwa anashikilia tu bomba mwenzake achomelee, miezi sita anashikilia bomba. Siku moja nilimkalia pale nikimsubiri amalize dirisha langu akawa anamfundisha dogo mmoja mgeni. Hakumpa nadharia hata moja. Alimwambia sikiliza. Ikilia kama dagaa kwenye mafuta uko sawa. Kijiti kikinata umeme mdogo, ongeza. Ikianza kupasuka pasuka na kurusha cheche hovyo umezidisha, punguza. Mkono uende taratibu kama mwanamke anapaka wanja, ukikimbia unaacha matundu, ukilala bomba linatoboka. Dogo akatoboa bomba. Akampa kipande kingine, akatoboa tena, cha tatu kikashika kwa ubaya ubaya hivi, kama kovu la donda. Fundi akakigonga na nyundo, kikaachia. "Rudia."

Niliwaza lile somo zima limekwenda kwa Kiswahili, skwea paipu, grenda, msasa, jiliwa, roda, hakuna kitu kimekosa jina. Sera ya 2014 ilikuwa imeandika kabisa kwamba Kiswahili kitumike kufundishia ngazi zote, toleo hili jipya limerudi nyuma, sekondari Kiingereza kinabaki. Kwa historia na jiografia tubishane hata mwaka mzima, ila kumfundisha mtoto wa kijijini kuchomelea kwa Kiingereza ambacho hata mwalimu mwenyewe anakitafuta, hiyo mimi nashindwa kuitetea. Yule dogo wa chini ya mwembe angeanza kukariri.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho sijaona watu wakikizungumza na mimi ndicho kinaniuma. Mwaka 2021 kuingia 2022 serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa miezi michache, zile fedha za IMF za Uviko, Sh trilioni 1.3 jumla yake na madarasa yakiwa fungu mojawapo, darasa moja milioni 20. Piga hesabu, ni bilioni 300 zimeingia vijijini na mitaani. Na nyingi zilitumika kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani shule inanunua vifaa yenyewe na kuajiri mafundi wa palepale. Yule fundi wa mwembeni alipata grili za madarasa kadhaa, alichukua vijana wanne kumsaidia. Weka saidia fundi wawili tu kwa kila darasa nchi nzima, ni vijana 30,000 waliokuwa kazini, kwenye kazi ya kweli, wanalipwa, wanajifunza. Nadhani hakuna karakana ya shule itakayowahi kufundisha vijana wengi hivyo kwa mpigo. Na walipomaliza? Walikunja nyaya wakaondoka. Hakuna aliyeandika jina lao, hakuna aliyewapima. VETA wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi, fundi wa mtaani anapimwa kwa kazi ya mikono yake anapewa cheti bila kukaa darasani miaka miwili, utaratibu mzuri tu, kwanini mtu wa VETA hakuwa anapita kwenye zile saiti na fomu zake? Wizara mbili tofauti, bajeti tofauti, ndo jibu utakalopewa.

Yule fundi mpaka leo hana cheti. Hao vijana wanne wawili wanaendesha bodaboda.

Ndo maana nikiambiwa fursa za kiuchumi zinaanzia kwenye mtaala nakuwa mzito kukubali. Mtaala unatoa kijana anayejua. Fursa ni mashine na mtu wa kununua kazi yake. Mashine tunaambiwa kuna ile mikopo ya asilimia kumi ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata, sawa. Ila vijana lazima muwe kikundi. Mashine ya welding ni ya mtu mmoja jamani, mnaichomeleaje watu watano? Kwa hiyo vijana wanaokota majina, binamu, rafiki, shemeji, wanaandika katiba ya kikundi, hela ikitoka wanagawana na mkutano wa kwanza ndo unakuwa wa mwisho, halafu afisa maendeleo anakuja kusema vijana sio waaminifu. Tumewalazimisha kudanganya halafu tunawalaumu kwa kudanganya.

Na mnunuzi mkubwa kuliko wote ni serikali. Madawati, viti, grili, vitanda vya mabweni, milango ya zahanati, kila mwaka inanunua, na sheria ya manunuzi imeshatenga asilimia 30 kwa makundi maalum vijana wakiwemo. Mimi kama ningeulizwa ningeanzia hapo kabla sijachapa kitabu kimoja cha kiada, kila shule ya amali ipewe oda ya madawati ya shule za msingi za kata yake, oda ya kweli yenye tarehe na malipo. Dawati likivunjika lirudi palepale lilipotoka. Mtoto ataona kazi yake imekaliwa na mdogo wake, na ile bajeti ya vijiti vya welding ambayo ruzuku haiwezi kuibeba itakuwa ndani ya bei ya dawati. Najua atatokea mtu wa kusema hiyo ni kutumikisha watoto, na kwa jinsi shamba la shule lilivyogeuka miaka ile hoja yake sio ya kupuuzwa, kwa hiyo mahesabu yabandikwe ukutani mzazi ayasome na mtoto apate chake.

Mpwa wangu alienda. Mama yake alilia kidogo stendi, akasema ni vumbi. Likizo ya Juni alikuja kwangu wiki mbili, kidato cha kwanza, sauti imeanza kukatika katika. Nikamwambia nioneshe daftari la welding. Mwandiko mzuri sana, kurasa karibu arobaini, grenda imechorwa kwa penseli na kila sehemu ina mshale na jina kwa Kiingereza, mashine ya kuchomelea imechorwa, jiliwa limechorwa, kuna ukurasa mzima wa tahadhari za usalama umepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nikamuuliza mmewasha lini mara ya kwanza.

"Bado mjomba. Mashine ipo ofisini kwa mkuu wa shule, wanasubiri umeme wa karakana."

Kesho yake asubuhi nilimpeleka mwembeni. Fundi akamuangalia kuanzia viatu, akamuuliza kama amekunywa chai, akampa miwani nyeusi na kipande cha bomba akashikilie.